Utapeli wa Sarafu za Kidijitali: Mwongozo Kamili wa Kuutambua na Kujikinga

Mtu akikosea namba anapotuma pesa kwa M-Pesa, bado ana pa kukimbilia. Nchini Kenya atausambaza ujumbe wa muamala kwenda namba 456, Tanzania atawapigia huduma kwa wateja, na kama aliyepokea hajazitoa fedha hizo, upo uwezekano wa kurudishiwa. Bitcoin, USDT (sarafu inayofuata thamani ya dola) na sarafu nyingine za kidijitali hazina dawati la namna hiyo. Muamala ukishathibitishwa kwenye mtandao wake, hakuna meneja wala benki yenye kitufe cha kuurudisha nyuma, na anayeweza kukurudishia ni yule yule aliyepokea. Karibu utapeli wote wa sarafu hizi umejengwa juu ya jambo hilo moja. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unafuata safari ya fedha zako, kuanzia unapoletewa habari za “fursa”, unapofungua pochi (programu ya kutunzia sarafu hizi), unaponunua na kuuza, hadi unapobonyeza kutuma. Ukaguzi wa maana hufanyika kabla ya hapo, ingawa sehemu ya mwisho inaeleza kile kidogo kinachowezekana baada ya fedha kuondoka.

Hatua ya kwanza: Jua tapeli anataka nini kwako

Bitcoin ilianza kufanya kazi mwaka 2009, na hesabu zinazoilinda hazijavunjwa na mwizi yeyote hadi leo. Anayetaka sarafu zako hahangaiki nazo, bali anahangaika na wewe. Anahitaji mojawapo ya mambo matatu: umtumie fedha kwa hiari yako ukiamini unawekeza, unanunua au unalipa ada, umpe maneno ya siri ya pochi yako, au ubonyeze idhini inayoiruhusu programu yake kuchota kilichomo ndani ya pochi. Majina ya utapeli hubadilika kila msimu, na watu wengi hujichosha kuyakariri, lakini milango imebaki hiyo hiyo mitatu. Ukiletewa jambo lolote, ondoa mapambo yake yote, yaani picha za magari, ofisi za kioo na vyeti, kisha ujiulize swali kavu: hapa ninaombwa kutuma, kutaja siri, au kuidhinisha? Jibu likishajulikana, utajua ni hatua ipi kati ya zifuatazo inayokuhusu.

Hatua ya pili: Piga hesabu ya faida unayoahidiwa

Chukua kalamu na karatasi, au kikokotoo cha simu, kabla hujamsikiliza mtu zaidi. Faida ya asilimia 1 kwa siku inasikika kuwa ya kiasi, hata ya unyenyekevu. Ikiachwa ijilimbikize, shilingi 100,000 zinakuwa takriban 3,780,000 kwa mwaka mmoja, na baada ya miaka miwili zinavuka milioni 140. Hatifungani za serikali za nchi zetu hazifiki asilimia 20 kwa mwaka mzima, na watu huzigombea. Mwenye mashine ya kuzalisha asilimia 1 kila siku hana haja na laki yako, kwa sababu angekopa benki na ndani ya miaka michache angeimiliki benki yenyewe. BitConnect, jukwaa lililowataka watu walikopeshe sarafu zao, iliwaahidi faida ya kiwango hicho hicho, wengi wakaiamini, na Januari 2018 ikafunga mpango wake wa mikopo huku thamani ya sarafu yake ikiporomoka. Mirror Trading International ya Afrika Kusini ilikusanya zaidi ya bitcoin 29,000 kwa kudai kuwa ina programu ya kompyuta inayofanya biashara kwa niaba ya wanachama, na mwanzilishi wake, Johannes Steynberg, alikamatwa Brazil mwishoni mwa 2021.

Sisi wa huku tuna jina la mchezo huu tangu zamani: upatu. Waliokuwa watu wazima Tanzania mwaka 2009 wanaikumbuka DECI, ambayo wanachama wake “walipanda” fedha na “kuvuna” mara mbili au zaidi, hadi serikali ilipoingilia kati. Fedha ya aliyechelewa ndiyo iliyomlipa aliyewahi. Kripto, yaani sarafu hizi za kidijitali, imeuongezea upatu mambo mawili tu: imeondoa mipaka ya nchi, na imempa mwendeshaji namna ya kuondoka na kapu zima bila kupita benki yoyote. Mwezi Desemba 2019 waliowekeza katika Dunamiscoins nchini Uganda walikuta ofisi zimefungwa. OneCoin, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Ruja Ignatova wa Bulgaria, ilikusanya takriban dola bilioni 4 duniani, zikiwemo za watu wa vijijini Uganda, kwa kuuza vifurushi vya “mafunzo” vilivyoambatana na sarafu ambayo haikuwa na daftari la wazi la miamala, yaani kumbukumbu ambayo yeyote anaweza kuikagua mtandaoni. Bei yake ilipangwa na kampuni yenyewe, na hapakuwa na soko huru ambalo mtu angeweza kuiuza. Ignatova alipanda ndege kutoka Sofia kwenda Athens Oktoba 2017 na hajaonekana hadharani tangu hapo. Mwenzake, Karl Sebastian Greenwood, alihukumiwa kifungo cha miaka 20 nchini Marekani mwaka 2023.

Kuna kosa moja ambalo huwanasa hata watu waangalifu, nalo linahitaji kuelezwa kwa kirefu. Mtu mwenye busara huweka kidogo kwanza, labda sawa na dola 20, anasubiri wiki moja, kisha anajaribu kutoa. Zinatoka. Anahitimisha kuwa mfumo ni wa kweli, anauza kiwanja au anachukua mkopo wa SACCOS, na anaziweka zote. Jaribio hilo halithibitishi lolote. Kila mwendeshaji wa upatu hulipa malipo madogo ya mwanzo kwa furaha kubwa, kwa kuwa hayo ndiyo matangazo yake: wewe uliyelipwa utamwonyesha shemeji yako skrinshoti, na neno la shemeji lina nguvu kuliko tangazo lolote la redioni. Swali la kuuliza ni kazi gani inayofanyika hadi faida ipatikane, na nani wa nje ya kundi anaweza kuithibitisha. Ukijibiwa kwamba ni “siri ya biashara” au “akili bandia”, jibu umelipata.

Kwa hiyo pia, usimwone aliyekuleta kuwa mwongo. Mara nyingi ni mama mdogo, mchungaji, au rafiki wa chuo anayeamini kwa moyo wote, na uaminifu wake ndio unaoufanya mtego uwe hatari. Mheshimu, mshukuru, lakini uikague biashara yenyewe kana kwamba umeletewa na mtu usiyemjua.

Hatua ya tatu: Uliza leseni, usiridhike na cheti cha usajili

Cheti cha BRELA nchini Tanzania, au cha msajili wa kampuni Kenya na Uganda, kinaonyesha kwamba jina la kampuni limeandikishwa. Hakiruhusu kampuni hiyo kukusanya fedha za umma kwa ahadi ya faida. Ruhusa ya namna hiyo hutolewa na benki kuu au mamlaka ya masoko ya mitaji, na orodha za walioidhinishwa huwekwa kwenye tovuti za mamlaka hizo. Fungua tovuti ya mamlaka mwenyewe kwa kuandika anwani yake, usifuate kiungo ulichotumiwa na wakala, kisha utafute jina la kampuni herufi kwa herufi.

Hali ya sheria nayo hutumiwa kama chambo, hivyo ni vyema kuijua. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo Novemba 2019 kuwatahadharisha wananchi dhidi ya sarafu hizi na kusisitiza kuwa fedha halali nchini ni shilingi. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali, na tangu hapo mawakala wa upatu hupita wakisema “serikali imeshatambua”. Kutozwa kodi si kupewa leseni. Kenya ilipitisha sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali Oktoba 2025, na imeukabidhi usimamizi kwa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kwa hiyo kampuni inayojitangaza Nairobi inapaswa kuweza kukuonyesha mahali ilipo katika utaratibu huo.

Hatua ya nne: Mpime mgeni anayekuja na urafiki

Utapeli unaokula fedha nyingi zaidi kwa mtu mmoja mmoja huanza taratibu. Ujumbe unaingia WhatsApp: “Samahani, hii si namba ya daktari Lin?” Unajibu kuwa amekosea. Anaomba radhi, anasifu picha yako, mnaanza kusalimiana kila asubuhi. Wiki tatu zinapita bila neno la fedha. Kisha siku moja anataja kwa kupita tu kwamba mjomba wake anamfundisha biashara ya sarafu, na anakuonyesha jukwaa lenye michoro inayopanda na kushuka kama la soko halisi. Jukwaa hilo ni picha tupu. Namba unazoona zinaandikwa na wao, na fedha uliyotuma ilishaondoka dakika ile ile ulipoituma.

Dalili ya uhakika hujitokeza siku ya kutoa. Utaambiwa ulipe kwanza “kodi” ya asilimia 20 ya faida, au “dhamana ya uthibitisho”, au ada ya kufungua akaunti iliyosimamishwa. Soko la kweli hukata ada zake kutoka kwenye salio ulilonalo, halikudai fedha mpya kutoka mfukoni ili likupe zilizo zako. Jukwaa la uwekezaji la CBEX lilipoanguka Nigeria na Kenya mwezi Aprili 2025, wanachama walioshindwa kutoa fedha zao walitakiwa kuweka dola 100 au 200 zaidi ili akaunti zao “zithibitishwe”. Ukisikia sentensi ya aina hiyo, simama hapo hapo, na kilichokwisha kuondoka ukihesabu kuwa kimeondoka.

Ndugu wa karibu na utapeli huu ni “kazi ya mtandaoni” ya kupenda video au kuzipa hoteli nyota. Unalipwa senti kidogo siku mbili za kwanza, kisha unawekwa kwenye ngazi ambayo lazima uongeze USDT kwanza ndipo upewe kazi kubwa zaidi. Kanuni yake ni fupi: mwajiri hulipa mfanyakazi. Ukijikuta wewe ndiye unayelipa, huna ajira.

Inafaa kujua pia kwamba anayekuandikia huenda ni mateka. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria mwaka 2023 kuwa watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na 100,000 nchini Kambodia walikuwa wakilazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni, na miongoni mwa waliookolewa kwenye kambi hizo wamo Wakenya na Waganda walioondoka nyumbani wakiahidiwa kazi za huduma kwa wateja Thailand. Tangazo la kazi kama hilo, lenye tiketi ya bure na mshahara mnono kwa mtu asiye na uzoefu, lichunguzwe kwa ukali ule ule wa tangazo la uwekezaji.

Hatua ya tano: Linda maneno ya siri ya pochi

Unapofungua pochi ya kidijitali unayoishikilia mwenyewe, isiyo ya soko la kubadilishana sarafu, utapewa maneno 12 au 24 ya Kiingereza kwa mpangilio maalumu. Maneno hayo ndiyo pochi. Aliye nayo, popote alipo duniani, anaweza kuifungua kwenye simu yake na kuhamisha kila kitu bila kuhitaji simu yako, alama ya kidole chako wala nywila yako. Yaandike kwa kalamu kwenye karatasi, nakala mbili, na uzitunze mahali pawili tofauti. Usiyapige picha, usiyahifadhi kwenye barua pepe, usiyatume WhatsApp hata kwako mwenyewe.

Hakuna mfanyakazi wa kweli wa kampuni yoyote atakayekuuliza maneno hayo, kwa sababu hana kazi nayo. Ukiuliza swali kwenye kundi la Telegram la pochi fulani, ndani ya dakika chache watu wawili au watatu wenye nembo ya kampuni na jina la “Msaada” watakuandikia faraghani, kwa adabu kubwa, wakikuelekeza kwenye ukurasa wa “kusawazisha pochi” wenye visanduku 12 vya kujaza. Ukurasa huo hausawazishi kitu. Njia salama ni kuwafungia wote na kuingia kwenye tovuti rasmi mwenyewe.

Upo mtego mmoja unaowanasa wenye tamaa kidogo, na sioni aibu kusema umetengenezwa kwa ustadi. Mtu anaandika kwenye maoni ya YouTube kwamba ana USDT kadhaa kwenye pochi ya mtandao wa Tron, hajui kuzitoa, na anayaweka maneno yake 12 hadharani akiomba msaada. Unayaingiza kwenye simu yako, na kweli unaziona USDT. Ila ili kuzihamisha unahitaji TRX, sarafu ya mtandao wa Tron wenyewe, kidogo ya ada, na pochi haina. Unatuma TRX zako, kisha unabonyeza kuhamisha, na muamala unakataliwa. Mamlaka ya kusaini katika pochi ile ilishahamishiwa kwenye ufunguo mwingine ambao huna, na TRX ulizotuma huzipati tena. USDT zile hubaki pale pale zikimsubiri mwingine.

Programu za pochi zipakue kupitia kiungo kilicho kwenye tovuti rasmi ya mtengenezaji. Usiamini tangazo la juu kabisa kwenye matokeo ya utafutaji, na usisakinishe faili la programu ulilotumiwa kwenye kundi. Akaunti yako ya soko la kubadilishana iwekee programu ya kuzalisha namba za uthibitisho badala ya kutegemea SMS, kwa sababu tapeli akifanikiwa kubadilishiwa laini yako ya simu, SMS zote zitamwendea yeye. Kwa wateja wa Safaricom, kupiga *100*100# husaidia kuzuia laini kubadilishwa kwingine bila mwenyewe, na Tanzania *106# hukuonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Hatua ya sita: Soma kabla ya kuidhinisha, na kabla ya kununua tokeni mpya

Tovuti za kripto hukuomba “kuunganisha pochi”. Kuunganisha peke yake huonyesha tu anwani yako. Hatari huja kwenye dirisha linalofuata, linapokuomba uidhinishe matumizi ya USDT yako, mara nyingi kwa kiasi kisicho na kikomo. Ukikubali, programu ile inaweza kuchota leo, kesho au baada ya miezi mitatu, bila kukuuliza tena. Kwa hiyo uwe na pochi mbili: moja ya akiba, ambayo haiunganishwi na tovuti yoyote, na nyingine ya matumizi yenye kiasi ambacho kikipotea hakitakukosesha usingizi. Idhini ulizowahi kutoa zinaonekana kwenye tovuti ya Etherscan kwa mtandao wa Ethereum na ya Tronscan kwa Tron, na unaweza kuzifuta kwa kulipa ada ndogo. Tokeni usiyoijua (sarafu iliyoundwa juu ya mtandao kama Ethereum au Tron) ikiingia kwenye pochi yako yenyewe, hasa yenye jina la tovuti ndani yake, iache ilipo.

Kuhusu tokeni mpya zinazosifiwa kwenye makundi, mfano wa SQUID unatosha. Tokeni hiyo ilipanda hadi zaidi ya dola 2,800 mwanzoni mwa Novemba 2021, lakini walionunua waligundua kuwa hawawezi kuuza, na kwa dakika chache bei ikaanguka hadi karibu na sifuri huku waendeshaji wakiondoka na takriban dola milioni 3.3. Bei ilipanda hivyo kwa sababu mlango wa kutokea ulikuwa umefungwa. Kabla ya kununua, fungua ukurasa wa tokeni kwenye daftari la wazi la miamala na uangalie kama wapo watu wengi tofauti waliofanikiwa kuuza, si kununua tu, na kama anwani mbili tatu hazijashikilia karibu tokeni zote. Usipojua kusoma ukurasa huo, basi hiyo si bidhaa ya kununua bado.

Hatua ya saba: Nunua na uuze kwa mtu kwa uangalifu

Wengi wetu hubadilisha USDT na shilingi kupitia sehemu ya masoko ambamo watu hununua na kuuza wao kwa wao, malipo yakipita M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa) au benki. Soko hushikilia sarafu za muuzaji hadi yeye mwenyewe abonyeze kuziachia. Utaratibu huo ni mzuri, ila una tundu moja: soko haliioni M-Pesa yako. Hapo ndipo matapeli hufanya kazi.

Tuseme unauza USDT 200. Mnunuzi anabonyeza “nimelipa”, anatuma skrinshoti kwenye mazungumzo, na simu yako inalia kwa ujumbe wenye jina lake, kiasi kamili na salio jipya. Anaanza kukuharakisha: mgonjwa yuko hospitali, achia haraka. Usiachie. Ujumbe wa kughushi huandikwa vizuri sana siku hizi, na mara nyingi hutoka kwenye namba ya kawaida ya simu badala ya jina la mtandao, ila usitegemee kuling’amua hilo kwa macho. Fungua menyu au programu ya M-Pesa, angalia salio lenyewe, na angalia orodha ya miamala. Fedha ikiwa imeingia, kagua jina la mtumaji: lazima lilingane na jina lililothibitishwa na soko kwenye akaunti ya mnunuzi.

Hili la jina watu hulipuuza, na ndilo lenye madhara makubwa kuliko ujumbe wa kughushi. Tapeli anaweka Facebook tangazo la kuuza simu kwa bei ya kutupa. Mteja wa simu anakubali, na tapeli anampa namba yako ya M-Pesa kama mahali pa kulipia, wakati huo huo akiwa amefungua agizo la kununua USDT kwako kwa kiasi kile kile. Fedha inaingia kweli, kwa jina la mgeni. Ukiachia, tapeli anaondoka na USDT, mteja wa simu anasubiri simu ambayo haitakuja, na anapokwenda polisi namba anayoitoa ni ya kwako. Utakachokabiliana nacho ni muamala kurudishwa, laini kufungiwa, au kuitwa kituoni kueleza. Fedha ya mtu wa tatu ikiingia, usiachie sarafu. Fungua lalamiko ndani ya soko, weka ushahidi, na urejeshe fedha kwenye namba ile ile iliyotoka baada ya soko kuelekeza, kamwe si kwenye namba nyingine atakayokutajia mnunuzi.

Mazungumzo yote yabaki ndani ya soko. Anayekuomba mhamie WhatsApp ili “kuokoa ada” anataka soko lisione atakachokufanyia. Na kukutana ana kwa ana na fedha taslimu, kwa maoni yangu, kuachwe kabisa na wasiofahamiana.

Hatua ya nane: Kagua anwani kabla ya kutuma

Anwani ya Tron huanza na T, ya Ethereum huanza na 0x, na za Bitcoin huanza na 1, 3 au bc1. Watu wengi hukagua herufi nne za mwanzo na nne za mwisho, na matapeli wanalijua hilo. Hutengeneza anwani inayofanana na ya rafiki yako kwa mwanzo na mwisho, kisha hukutumia kiasi kidogo mno, au sifuri, ili anwani hiyo ionekane kwenye historia yako na siku moja uinakili kwa mazoea. Mwezi Mei 2024 mtu mmoja alipoteza kwa njia hii sarafu zenye thamani ya takriban dola milioni 68. Alikuwa na bahati isiyo ya kawaida, kwani mwizi alizirudisha baada ya kuandamwa. Usinakili anwani kutoka kwenye historia. Ihifadhi kwenye kitabu cha anwani cha pochi, linganisha na herufi za katikati, na kwa kiasi kikubwa tuma kidogo kwanza, umpigie simu anayepokea, ndipo utume kilichobaki.

Kuhusu ahadi za “tuma moja upokee mbili”, maneno machache yanatosha. Tarehe 15 Julai 2020 akaunti za Twitter za Barack Obama, Joe Biden, Bill Gates na Elon Musk zilitekwa na kutangaza hivyo hivyo, na ndani ya saa chache zilikusanywa bitcoin zenye thamani ya zaidi ya dola 100,000. Akaunti zilikuwa za kweli, ahadi ilikuwa ya uongo. Leo hii hata video yenye sura na sauti ya rais au tajiri maarufu hutengenezwa kwa kompyuta, hivyo sura isikushawishi.

Hatua ya tisa: Ukishaibiwa

Ikiwa maneno ya siri yamevuja, fungua pochi mpya yenye maneno mapya na uhamishe kilichobaki mara moja. Kubadilisha nywila ya pochi ya zamani hakusaidii. Ikiwa ulitoa idhini mbaya, ifute. Kisha kusanya ushahidi: namba ya utambulisho ya kila muamala, anwani zote, tarehe na saa, namba za simu, viungo vya tovuti na mazungumzo. Iandikie kampuni ya soko ulilotumia kutuma, na kama daftari la wazi linaonyesha sarafu zimeingia kwenye soko jingine, liandikie nalo. Kwa USDT ipo nafasi ndogo ya ziada, kwa kuwa Tether, kampuni inayoitoa, inaweza kuzizuia zilizo kwenye anwani fulani, na imekuwa ikifanya hivyo kwa maombi ya vyombo vya dola. Bila ripoti ya polisi, ombi lako halina uzito. Kenya waweza kupiga bila malipo 0800 722 203 ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, na ujumbe wa kitapeli kwa wateja wa Safaricom husambazwa kwenda 333. Tanzania ripoti hupokelewa kituo chochote cha polisi, na namba za matapeli hutumwa kwenda 15040.

Muda mfupi baadaye utafuatwa na “mdukuzi” au “wakili wa kimataifa” anayedai ameziona fedha zako na anaweza kuzirudisha kwa ada ya awali. Mara nyingi amenunua orodha ya walioibiwa, na pengine ni wale wale. Usilipe.

Kama wewe ndiye uliyewaingiza wengine, waambie siku ile ile uliposhindwa kutoa fedha, wala usingoje “ukarabati wa mfumo” uishe, kwa sababu kila siku ya kungoja kuna mtu chini yako anayeongeza fedha. Kamisheni ulizopokea kwa kuwaleta zinaweza kukufanya uhojiwe kama mwendeshaji, kwa hiyo weka kumbukumbu ya ulichoweka na ulichopokea. Na usitoke kwenye kundi la WhatsApp au Telegram kwa hasira kabla ya kuyahifadhi mazungumzo yake yote nje ya simu, pamoja na namba za viongozi, kwa kuwa wao wataanza kuyafuta usiku huo huo.